Ukurasa Uliopigwa Pasi

Kila asubuhi Mama Pasi alitandika blanketi juu ya meza, akapuliza makaa ya pasi yake, kisha akaita kuelekea chumbani:

"Fundi, upo?"

Zamani mumewe alijibu upesi, "Nipo! Niende wapi na shati langu liko kwako?" Wakacheka. Tangu macho yake yalipokufa, hakujibu tena.

Mume huyo alikuwa fundi saa. Saa zake za ukutani bado zilikuwa zikigonga, maana alizitia ufunguo kwa kupapasa. Saa zilikwenda, fundi ndiye aliyesimama. Alikaa ameuelekea ukuta, hasemi, na sasa alikuwa ameanza kukataa chakula. Mama Pasi alifua huku akirudi dirishani mara kwa mara, kusikiliza kama bado anapumua. Aliogopa kumpoteza, na hakujua la kufanya.

Siku moja mlinzi wa maktaba alimletea furushi la mapazia.

"Ya chumba cha juu," alisema, akilitua haraka. "Ukimaliza, yapeleke mwenyewe. Mimi kule sipandi. Pana wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Kurasa zinafunuliwa gizani, mama. Giza totoro, na mtu anasoma! Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Punguza ulevi."

"Chai tu ninakunywa, haki ya Mungu!"

Ndani ya furushi mlikuwa na kitabu kikubwa cheupe, kilichobebwa kwa bahati mbaya. Mama Pasi alikifunua. Hakikuwa na herufi hata moja. Kurasa zote zilikuwa tupu, zimejaa vipele vidogo, kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Mwili ukamsisimka. Karibu akitupe.

Kisha udobi ukamshinda. "Kumbe kimelowa tu, karatasi imejikunja," alijiambia. Dobi hawezi kuona kikunjo akakiacha. Akachukua pasi, akaipitisha polepole juu ya ukurasa wa kwanza. Ukalala laini kabisa.

"Unapiga pasi nini?"

Mama Pasi alishtuka. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Hiyo si nguo," alisema. "Nguo haitoi sauti hiyo."

"Kitabu cha maktaba. Kimeota vipele kwa unyevu."

Fundi alinyoosha mkono. Vidole vile, vilivyozoea kuokota skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, vikatembea juu ya ukurasa wa pili. Vikasimama. Vikarudi.

"Hivi si vipele," alinong'ona. "Vina mpangilio. Mama Pasi, humu kuna mtu anasema."

"Usinitishe, bwana!"

Vidole vikahamia ukurasa uliopigwa pasi.

"Na hapa amenyamaza. Umemfanya nini?"

Mama Pasi aliiweka pasi chini. Alijiona kama ameua mtu.

Kesho yake alasiri alipeleka mapazia, na kitabu kwapani. Alipanda ngazi, akapita ukumbi mrefu usio na mtu. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi kidogo. Ndani madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa, na giza lilikuwa zito. Akasikia karatasi ikifunuliwa. Kimya. Ikafunuliwa nyingine.

"Nani huyo?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Dobi," alijibu. "Na wewe, kama ni wa dunia hii, sema!"

Kicheko kikajaa chumba. "Ni wa dunia hii, dada, na mgongo unaniuma. Mimi ni mkutubi. Fungua dirisha. Huwa nasahau, maana sioni, na vidole vyangu havihitaji taa."

Mwanga ulipoingia, Mama Pasi aliona rafu zimejaa vitabu vyeupe.

"Hii ni nukta nundu," mkutubi alieleza, akiushika mkono wake. "Kila herufi ina nukta zake zilizoinuka, zisizozidi sita. Asiyeona anasoma kwa vidole."

"Mimi nimezipiga pasi!" Mama Pasi akaangua kilio. Akasimulia yote, pamoja na maneno ya mumewe.

"Ukurasa mmoja tutauandika upya," mkutubi alimtuliza. "Lakini mumeo mbona haji hapa?"

"Tungejuaje? Nani alituambia?"

"Tangazo lipo getini..."

"Limeandikwa kwa nini?"

"Kwa wi..." Mkutubi akakwama. "Kwa wino. Tumewabandikia wasioona tangazo la wino!"

"Na chumba mmekipandisha ngazini, na mlinzi anasema kina mashetani."

"Umesema kweli. Maktaba ni ya kila mtu. Kuingia ni haki ya mumeo, si hisani yetu. Sisi ndio tuliomfungia mlango."

Wakarekebisha. Chumba kilihamishiwa chini, karibu na lango, na kamba ya kushika ikafungwa kando ya njia. Mlinzi alijifunza kumsalimu mgeni kwa sauti na kumpa kiwiko ashike. Asiyeweza kutoka, kitabu kilimfuata nyumbani. Naye Mama Pasi, kila alipopeleka nguo, aliuliza, "Humu hakuna mtu mwenye shida ya macho?"

Fundi mwanzoni aligoma. "Nikasome a, e, i na mvi hizi?"

Mkutubi alikuja mwenyewe, akamwekea ukurasa mkononi. "Fundi, kila herufi hapa ni saa yenye vyuma visivyozidi sita. Ifungue."

Fundi akakaa wima. Jioni ile aliomba chakula.

Alijifunza herufi, kisha maneno. Mkewe alikaa pembeni, akajifunza pia. Baadaye mkutubi alimsomea kutoka nakala nyingine, naye fundi, kwa sindano ya kuandikia nukta, akautoboa upya ule ukurasa ulionyamaza, nukta kwa nukta.

Alasiri moja Mama Pasi aliita kutoka uani:

"Fundi, upo?"

Kimya. Saa tu zilikuwa zikigonga. Akakimbilia ndani. Chumba kilikuwa giza, dirisha limefungwa. Karatasi ikachakarisha.

Mkono ukamshika mkono, ukakiweka kidole chake juu ya kipande cha karatasi.

"Fumba macho," alisema mumewe. "Soma."

Alipapasa, herufi moja moja. N. I. P. O.

Mama Pasi akalia huku anacheka.

"Ndilo jibu lako," fundi alisema. "Na hilo, tafadhali, usilipige pasi."