Bao Moja, Sebule Mbili

Msimu wa kahawa ukichanganya, Mbinga hapakaliki. Watu wameshuka kutoka Mkumbi, Litembo na kwingineko, mfukoni kumenona, na kila mmoja anataka bati, godoro au simu mpya. Duka la Verediana la vifaa vya umeme, pale karibu na stendi, siku hiyo lilikuwa halina hata pa kuweka mguu. Mwenyewe alisimama nyuma ya kaunta, sketi ya kitenge cha rangi ya machungwa, fulana nyeupe, na bisibisi ya tesita ameichomeka kwenye nywele. Ndipo mahali pake, alikuwa akisema, maana mfukoni huwa inapotea.

"Dada, naomba waya wa HDMI, ule wa bei chee!" sauti ikatoka nyuma ya watu.

"Wa bei chee sina. Ninao wa kufanya kazi," Verediana akajibu bila kuinua macho.

Watu wakaangua kicheko. Mwenye sauti akajipenyeza mpaka mbele. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi barabara, kiatu kinang'aa. Lakini harufu yake sasa! Usipa mtupu, dagaa wa ziwani.

"Naitwa Cletus. Nauza samaki, natokea Mbamba Bay."

"Hilo la samaki hukuwa na haja ya kulisema, kaka."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Mwanamume anayechekwa naye akacheka ni nadra, nawaambieni, na Verediana aliliona hilo papo hapo. Akamchagulia waya, akamweleza kwa nini ule mwembamba ungemsumbua kwenye TV kubwa, na Cletus akasikiliza kwa makini kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Alipoondoka aliacha namba ya simu. Eti kwa ajili ya garantii.

Basi, garantii ikawa garantii. Ikapigwa asubuhi, ikapigwa mchana.

"Fundi wangu, umekula?"

"Sijala. Na mimi si fundi wako, ni fundi wa watu wote."

"Hao watu wote wanakuletea mbasa wa kukaushwa kila wiki?"

"Mama yangu ndiye anayemla. Tena kasema safari ijayo ulete mkubwa zaidi."

Hapo kwa mama ndipo penye hadithi. Bi Gaudiosa alimlea Verediana peke yake, kwa shamba la kahawa na kwa mgongo wake mwenyewe. Sasa magoti yalikuwa yamemchoka, kliniki ya Litembo ilikuwa njia yake, na raha yake kubwa ilikuwa mpira. Alikuwa Yanga damu. Siku ya mechi hukaa kwenye kiti chake cha mbao chenye mto wa kijani, kiti asichokalia mtu mwingine, kanga moja kiunoni, nyingine ameirusha huko, akamfokea refa mpaka majirani wakajua matokeo.

Verediana alishaapa kwamba hamwachi. Bernadi, mchumba wake wa zamani, alimwambia achague, mama au ndoa. Alichagua bila kuomba muda wa kufikiri. Tatizo ni kwamba mama naye alikuwa na lake.

"Olewa, mwanangu, uniache hapahapa," alikuwa akisema. "Mimi nikakae kwa mkwe? Sebule moja na mkwe? Kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe ovyo. Nitakaa nimejifunika kutwa nzima, kimya, kama mgeni wa kanisani. Mpira nitauangaliaje?"

"Basi siolewi."

"Utaolewa."

"Siolewi bila wewe, mama."

Mabishano hayo Cletus aliyajua yote. Verediana alimsimulia kwenye simu, akicheka, lakini mwishoni sauti ikamkatika. Cletus aliuliza tu, "Magoti yake yanamsumbua zaidi akisimama au akikaa?" Verediana aliona ni swali la ajabu, akalisahau.

Miezi ikapita. Siku moja Cletus akaingia dukani, mara hii hana hata mzaha.

"Vere, nataka spilita. King'amuzi kimoja, TV mbili."

"Mbili? Si unaishi peke yako wewe?"

"Ya pili iko chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua. Picha iwe safi kotekote, ile ya HD kabisa. Na bao likiingia, lionekane huku na kule kwa mpigo mmoja. Pasiwe na wa kutangulia."

Verediana akamtazama. Akachukua spilita ndogo, akairudisha rafuni. "Hii haina umeme wake, ukiweka TV mbili inazidiwa, picha inazimika na kuwaka. Chukua hii yenye adapta. Na kuvuka ua ni mbali, waya wa kawaida hautafika na picha. Nitakutafutia ule mnene wenye kuongeza nguvu." Akaegemea kaunta. "Cletus, huko nyuma kuna nani?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Utakuja kunifungia, utaona."

Akaenda. Barabara ya kushuka Mbamba Bay ina kona zake, na kila kona ziwa linatokea, linajificha, linatokea tena. Verediana alivaa gauni la maua chini ya koti la kazi, na hereni, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ufundi wake. Nyumba ya Cletus ilikuwa safi, sebule pana, TV ukutani, spika za hom thieta zimepangwa kila pembe. Akafunga spilita, akawasha, picha ikatulia. Kisha akaburuta waya kuvuka ua.

Huko nyuma kulikuwa na nyumba ndogo mpya, ina mlango wake, ina kibaraza chake. Ndani kitanda kimetandikwa. Juu ya kitanda, kanga mpya, doti nzima, zimekunjwa vizuri.

Verediana akauweka waya chini.

"Za nani hizi?"

Cletus alisimama mlangoni, hakuingia. "Za mtu ninayemheshimu sana. Mtu ambaye siwezi kukaa naye chumba kimoja."

"Mama yako alifariki, ulinambia. Dada huna. Nani huyu?"

"Vere, nakuomba usiniulize leo. Nipe muda mpaka msiba wa shangazi uishe. Kuna maneno hayasemwi watu wakiwa kwenye matanga."

"Ahaa. Una mwanamke. Umemjengea uani, mimi uniweke sebuleni, na picha utugawie. Tena umeniita nije niifunge kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Si hivyo, Vere, haki ya Mungu!"

"Ni vipi basi? Sema!"

Verediana hakungoja jibu, akauacha waya palepale sakafuni, akabeba boksi lake la vifaa, akapanda gari la kwanza la kurudi. Machozi yalimtoka njia nzima na hakujali nani anamwona. Simu ikaita mpaka ikaisha chaji. Alipoichaji ikaita tena, akaikata. Ikaja sauti ya kurekodiwa, akaifuta bila kuisikiliza. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomkera kupita yote.

Jumapili Yanga walicheza. Bi Gaudiosa alifoka peke yake kipindi cha kwanza, kisha akapunguza sauti.

"Mbona nashangilia kama mjane? Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Mbasa hawaji siku hizi. Huyo kijana umemfanya nini?"

"Yeye ndiye aliyenifanya."

"Kazi yake ulimaliza?"

Verediana akaukumbuka waya aliouacha sakafuni.

"Hukumaliza," mama akasema. "Basi ugomvi ni wenu, lakini kazi ni ya jina lako. Kamalize, urudi uendelee kununa."

Maneno hayo yalimwingia. Hakuwahi kuacha kazi ya mtu nusu, awe mzuri awe mwovu. Keshoye akamtumia Cletus ujumbe mkavu: *Nakuja kumaliza kazi. Sitaki mazungumzo.* Safari hii hakuvaa hereni.

Cletus alimpokea getini, amekonda usoni, lakini shati limenyooshwa vilevile. "Karibu, fundi."

"Asante. Nipishe."

Akavuka ua moja kwa moja. Amekaza moyo: akimkuta huyo mwanamke atamsalimia, atafunga waya, ataondoka. Kwenye kibaraza akakuta kitu ambacho siku ile hakikuwapo. Kando ya ngazi palikuwa na bomba la chuma la kushikia, limepigwa rangi, la kumsaidia mtu mwenye magoti mabovu. Akalishika bila kufikiri. Akasukuma mlango.

Na ndani, dirishani, mapazia mapya yalikuwa ya kijani na njano.

Verediana akasimama. Cletus alikuwa Simba. Si Simba wa mdomoni, Simba wa kukosa usingizi. Alishagoma kununua ndizi mbivu kwa dada mmoja wa sokoni kwa sababu tu kibanda chake kilikuwa na bendera ya Yanga. Mtu huyo kutundika kijani na njano ndani ya uzio wake, hata kwa mtutu asingekubali. Hapa duniani palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angefanyiwa hivyo, mwenye magoti, asiyeweza kukaa sebule moja na mkwe wake.

Akakaa kitandani. Kitanda kilikuwa cha juu, cha mtu asiyeweza kuinama. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko.

"Cletus! Njoo hapa, wewe mwendawazimu!"

"Siingii," akajibu kutoka uani. "Hicho ni chumba cha mama mkwe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nimtengee mama wa mtu chumba kabla sijatuma mtu kumwomba binti? Mama angesema nimemdharau, nimejipa jibu mwenyewe. Na Mjomba Ladislaus, wa kunipelekea posa, alikuwa kwenye matanga ya shangazi, Kingerikiti. Nilikuwa nasubiri arudi. Wewe ukanikatia simu."

"Ungeninong'oneza tu, jamani!"

"Nilijaribu. Ulifuta sauti?"

Verediana akajifuta uso kwa koti la kazi. "Niliifuta."

"Ilisema hivyohivyo."

Akatoka, akasimama mbele yake. "Na hayo mapazia?"

"Usinikumbushe. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimeyapitisha mjini ndani ya gunia la usipa."

Verediana akamkumbatia hapohapo uani, harufu yake na yote. Kisha akajichomoa, akachomoa na bisibisi nywelani. "Niachie sasa. Kazi haijaisha."

Akaupitisha waya ndani ya bomba la plastiki, akaufukia kuvuka ua, akachomeka. TV ya chumba cha nyuma ikawaka, picha imetulia tuli. Akakimbia sebuleni, akakimbia nyuma, akarudi. Mtangazaji alikuwa anafumba na kufumbua macho huku na kule kwa wakati mmoja.

Mjomba Ladislaus akapanda Mbinga na posa. Bi Gaudiosa alisikiliza yote amejitanda kanga, akakubali kumtoa binti. La kuhama likagonga mwamba.

"Nitakwenda kuona atakakokaa mwanangu, basi. Kiti changu kinabaki hapa. Nikishaona, narudi kukikalia."

Akaja na dada yake, siku ya mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba. Cletus alisalimia kwa mbali, macho chini, "Shikamoo, mama," akaingia sebuleni na fulana yake nyekundu, akafunga mlango. Bi Gaudiosa akalishika lile bomba, akapanda ngazi, akaona mapazia. Akaingia, akafunga mlango wake.

Verediana akabaki uani, katikati ya milango miwili. Hakuweza kukaa popote. Kipindi cha kwanza upande wa mama ulikuwa kimya, na kimya kile kikamtia hofu. Mama hajawahi kunyamaza kwenye mechi. Amejifunika huko ndani, akawaza. Anaona haya. Atarudi Mbinga, na mimi nitarudi naye, na Cletus atabaki na mapazia yake.

Kipindi cha pili kikachanganya. Mara, kwa mpigo mmoja, sebuleni mwanamume akaguna kwa uchungu na nyumba ya nyuma ikalipuka.

"Gooo! Gooo, jamani! Mmekwisha!"

Kanga ikarushwa, Verediana akakiona kivuli chake kwenye pazia. Kisha dirisha la nyuma likafunguliwa, bila uso kutokea.

"Mkwe!"

Hakuwahi kumwita hivyo. Sebuleni kiti kikasogea. Cletus alisimama kwa heshima, ingawa ua mzima ulikuwa katikati yao.

"Naam, mama!"

"Umeliona hilo?"

"Nimeliona, mama." Sauti ilikuwa ya mtu anayeumwa jino.

"Vizuri. Vere!"

"Abee, mama."

"Ukipanda Mbinga, kanichukulie kiti changu."