Pampu Iliyobaki Rafuni

Gari lilianza kukohoa walipoiacha Rujewa na kushika njia ya udongo iendayo Madibira. Abbas alikanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi wake, na badala ya kuruka mbele, gari likashtuka na kunyong'onyea kama punda aliyegoma. Alipolegeza mguu likatulia. Alipokanyaga tena, likakohoa tena.

Wasingepita huko lau si lori lililopinduka mbele na kuziba barabara kuu. Mama yake Abbas alikuwa amefariki alfajiri ile, nyumbani kwa mwanawe mdogo, Juzer, Mlandege, Iringa. Juzer alikuwa amesema kwa simu kwamba watazika baada ya sala ya alasiri, na kwamba mtoto wa kwanza ndiye wa kuingia kaburini kumpokea mama. "Wahi, kaka," alimaliza, kisha kilio kikamzidi.

Kiti cha pembeni alikaa Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa aliyesimama kaunta moja na marehemu kwa miaka mingi, katika duka la vipuri la Mbeya ambalo sasa liko mikononi mwa Abbas. Hakuwa ndugu wa damu, lakini tangu asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba.

Abbas alisimamisha gari porini, miombo huku na huku, wingu zito juu ya milima. Hakuwa fundi, ila mtu hauzi vipuri nusu ya umri wake asijue ugonjwa wa gari. Injini ikinguruma bila kukimbizwa haina neno. Inakufa pale tu turbo inapoingiza hewa nyingi, maana hewa nyingi inadai mafuta mengi. Akakagua mipira ya hewa, mizima. Katika pupa yake akaegemeza kiganja kwenye turbo yenyewe, ngozi ikabaki pale.

Tusajigwe alichukua chupa yao pekee ya maji.

"Usiyamwage," Abbas alisema. "Ya kunywa hayo."

"Lete mkono."

Alimmwagia nusu, akamfunga kwa kipande cha kanga. Kisha Abbas akachomoa mpira wa mafuta, akauingiza kwenye chupa tupu ya soda, na Tusajigwe akawasha swichi. Petroli ilipaswa kutoka kwa nguvu. Ilichuruzika kama maziwa ya mbuzi mgonjwa.

Ilikuwa pampu. Naye alilijua hilo tangu gari lilipoanza kusitasita kwenye vilima vya Uyole, majuma kadhaa nyuma. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, lakini huyu dawa alikuwa nayo: pampu mpya ya gari hilohilo, imelala rafuni ndani ya boksi lake. Hakuigusa. Mama yake alimlea kwa sheria moja, kwamba cha dukani ni cha mteja, na mwenye duka akianza kula rafu, rafu itamla yeye. Abbas akasema ataagiza ya kwake. Akasema hivyo, siku zikapita.

Waliendelea polepole, mguu mwepesi, turbo isiamke. Mwendo wa jongoo, lakini ulikuwa mwendo. Kisha wakafika kwenye korongo.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji mekundu yalikuwa yakipanda. Ng'ambo njia ilipanda kama ukuta. Pale pasingepandwa kwa mguu mwepesi, na kusubiri kulikuwa kumkosa mama. Abbas alimtazama Tusajigwe, akaona hatakatazwa, akakanyaga mafuta yote.

Walivuka maji. Walifika katikati ya mlima, turbo ikalia, na injini ikazimika ghafla. Matairi yakateleza. Gari likarudi kinyumenyume hadi ndani ya korongo, likainamia ubavu, na maji yakaingia kwa mlango. Abbas alimvuta Tusajigwe kupitia dirishani. Jiwe likamchana Tusajigwe wayo, damu ikafuata maji.

Waliparamia ukingo wa ng'ambo kwa magoti, Tusajigwe ameishikilia chupa ya maji. Chini yao gari liligeuka taratibu, likachukuliwa hadi kwenye mizizi ya mti na kukwama huko. Mvua ikawakuta. Simu zote mbili zilikuwa zimelowa na kufa. Alasiri ilipita wakiwa wamejibanza chini ya mwamba, na Abbas aliijua ilipopita. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na Tusajigwe hakumnyamazisha.

Kulipokucha Abbas alimfunga Tusajigwe wayo kwa kipande kingine cha kanga, wakatembea. Kinyesi cha tembo njiani kilikuwa bado kinafuka mvuke, basi wakaiacha njia na kukata porini.

"Jua liwe upande wetu wa kulia," Abbas alisema. "Unaweza?"

"Naweza. Kunywa wewe kwanza."

Abbas alimbeba mgongoni kila mguu wake ulipokataa. Wakayamaliza maji, wakanywa ya madimbwi. Jua lilikuwa limekwisha kupanda walipoisikia pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili, ikinguruma, na mkulima wa mpunga aitwaye Aroni akawapakia juu ya magunia bila maswali mengi. Toka Madibira walipata lori hadi Mafinga, na basi hadi Iringa.

Juzer alikuwa makaburini, amekaa chini peke yake. Aliwatazama, matope, kanga yenye damu, akainuka na kuwakumbatia wote wawili. Kaburi lilikuwa limefukiwa, isipokuwa upande wa kichwani palipobaki shimo dogo. Kando yake kulikuwa na fungu la udongo, koleo limechomekwa juu.

"Niliwazuia wasimalize kufukia," Juzer alisema. "Watu walininunia. Hili fungu ni lako."

Abbas hakusogea.

"Pampu ilikuwepo, Juzer. Mpya. Iko dukani hadi sasa."

Juzer alichomoa koleo, akamnyooshea. "Mama angekuona umeibeba," alisema, "angekunyang'anya airudishe rafuni."

Tusajigwe alicheka, kicheko kikamgeukia kilio, akakaa chini na mguu wake uliofungwa. Abbas aliliweka koleo pembeni. Alipiga magoti na kuanza kuuchota udongo kwa mikono, mzima na ulioungua, akiumimina kidogo kidogo upande wa kichwani. Hakuna aliyemwambia aharakishe.