Pasipoti na Viatu vya Akala

Sanduku la bati lilikuwa juu ya kitanda, limeachwa wazi. Ndani mlikuwa na suti ya harusi, simu ya akiba, bahasha ya noti na picha ya marehemu mama yake Déo. Pasipoti haikuwemo.

"Umeangalia chini ya kitanda?" aliuliza Inspekta Sellah Kipkemboi.

"Afande, chini ya kitanda mi naangalia mara kumi. Haiko!" Déo alishika kichwa. "Banaiba pasipoti, banaacha feza yote. Mwizi gani huyu?"

Sellah naye alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, mwezi wa Septemba, mwaka wa pili wa korona. Déo, fundi wa pampu kutoka Bukavu, aliingia Kakuma kwa viza ya miezi mitatu kumwona dada yake katika kambi ya wakimbizi, na hata wiki haijaisha mipaka ikafungwa. Serikali ikawahurumia wageni waliokwama, ikawaambia wakae hadi hali itulie. Akakaa mwaka mmoja na nusu. Pampu tatu zilizokuwa zimekufa zikafufuka mikononi mwake, na Akeno, mwalimu wa darasa la nne, akampenda waziwazi mbele ya mji mzima.

Jumatatu ile redio ikatangaza kwamba huruma ya korona imekwisha. Kila mgeni apeleke pasipoti yake ofisi ya uhamiaji Lodwar aongezewe muda, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Atakayechelewa ataondolewa nchini, na hatarudi kabla ya miaka mitatu.

Na harusi ilikuwa Jumamosi, kesho yake.

"Miaka mitatu, afande," alisema Akeno mlangoni, barakoa ikining'inia sikio moja. "Mimi nina thelathini na mbili. Keki imeshafika. Tafadhali."

Sellah hakupenda kuguswa moyo kabla ya chai, lakini hapo aliguswa.

Akavaa glavu. Kufuli la sanduku halikuvunjwa, ufunguo wake ulikaa msumarini nyuma ya mlango, chini ya kofia. Akabandika utepe juu ya kufuli, akaunyanyua taratibu. Alama ya kidole gumba ikatoka safi: kipana, na kovu limekikata katikati. Ilikuwa na wekundu kidogo. Akanusa.

"Mafuta na udongo mwekundu. Unasemaje, Konstebo?"

Konstebo Ekuru, mzaliwa wa Lorugum, alicheka. "Hiyo ni mafuta ya kujipaka, madam. Kila mama hapa anapaka. Tutashika Kakuma nzima?"

"Nenda uhoji majirani." Ekuru akatoka. Sellah akamgeukia Déo. "Kuna kitu kingine kilichopotea?"

"Hapana. Labda viatu yangu ya akala tu, ya mpira ya tairi. Ile ilikuwa imeisha kabisa, afande. Labda imbwa inabeba."

Sellah akaandika viatu kwenye daftari, kisha akavisahau. Hilo lilikuwa kosa, na baadaye alilikiri mwenyewe.

"Nani wa mwisho kuishika pasipoti?"

"Malith, pale kwa kompyuta. Tena tuligombana naye."

Malith, kijana wa Sudan Kusini, alikuwa na duka la intaneti karibu na stendi. Sellah alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Jina?"

"Malith. Si unanijua, madam? Nilikuprintia fomu ya kuomba uhamisho, utoke huku. Mara tatu."

Sellah akajifanya hakusikia. "Jumanne ulibishana na Déo."

"Wallahi nilibishana. Alitaka picha ya fomu akiwa anacheka. Nikamwambia serikali haitaki meno."

"Pasipoti iko wapi?"

"Nilimrudishia hapo hapo. Fomu imeshaenda online, imekubaliwa jana jioni, inangoja tu pasipoti yenyewe na muhuri. Niibe ya nini? Kesho mimi ndio DJ, madam. Mtu anaweza kuiba harusi yake ya kupiga muziki?"

"Nionyeshe kidole gumba."

Kilikuwa chembamba, laini kama cha karani, bila kovu. Sellah akaondoka akiwa na joto tupu kichwani. Ilikuwa saa tano na nusu. Lodwar ni mwendo wa saa tatu, na yeye hakuwa na mshukiwa hata mmoja.

Alimkuta Ekuru kibandani akinywa chai. Majirani hawakuona kitu. Sellah akafungua daftari, akaanza kumsomea kwa sauti, maana akikwama ndivyo afanyavyo.

"Kufuli, halijavunjwa. Pesa, zipo. Pasipoti, hakuna. Viatu vya akala, hakuna."

Ekuru akaacha kunywa. "Viatu pia iliibiwa?"

"Vya zamani tu. Mbwa."

"Mbwa gani, madam!" Ekuru alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sare. "Hii si mwizi! Kwetu Lorugum, mjomba akikuja, na nyumba inampenda, mama anaficha viatu yake. Miiba ya huku unaijua. Ataenda wapi? Anakasirika kidogo, halafu anakaa chini, anachinjiwa mbuzi. Mjomba yangu mmoja alifichiwa mwezi mzima."

"Na pasipoti?"

"Si hiyo ndiyo kiatu ya mtu wa mbali?"

Sellah aliacha chai yake bila kuionja.

Chumba cha Déo kilikuwa katika boma la Akoru, bibi yake Akeno, ambaye watu wote walimwita Ata, yaani nyanya. Walimkuta kivulini akikwangua ngozi ya mbuzi, shanga zimejaa shingoni, mabega yanang'aa wekundu. Déo na Akeno walikuwa wamekaa kando, wameshikana mikono.

"Ejok, Ata," alisalimu Sellah.

"Ejok noi."

"Hicho kidole kilikatwa na nini?"

Ata akakitazama kidole gumba chake, kipana, chenye kovu. "Kisu. Nachuna ngamia."

"Na sanduku la Déo, nani alilifungua?"

"Mimi."

Ekuru, aliyekuwa amejiandaa kwa mahojiano marefu, akabaki na kalamu hewani.

"Ata!" Akeno aliruka. "Umetuona tunalia tangu asubuhi!"

"Mgeni analia kwanza," alisema Ata bila wasiwasi. "Halafu anazoea."

"Kwa nini ulichukua?" aliuliza Sellah, sauti imeshalainika.

Ata aliweka kisu chini. "Yule daktari wa macho, zamani pia redio ilisema peleka kitabu Lodwar. Alipeleka. Alirudi? Yule wa kuchimba visima, alirudi? Dada ya huyu mwenyewe alipeleka karatasi Lodwar, sasa yuko Kanada, anakaa na barafu. Kitabu ikienda Lodwar, ndege inameza mtu. Mimi nilinyamaza hao wote wakienda. Lakini huyu..." Alimnyooshea Déo kidole. "Huyu anachekesha mjukuu yangu mpaka nasikia kwa mbuzi. Nyumba hii ilikaa miaka mingi bila kicheko. Nikasema, huyu, hapana."

Déo alifunika uso kwa viganja. Ekuru alijifanya kuna vumbi machoni.

"Ata, nisikilize," alisema Sellah, akichuchumaa. "Bila kitabu, ndiyo watamchukua kwa nguvu. Leo hii. Kitabu kinaenda kumwombea siku, hakiendi kuaga."

Ata aliupima ule uso wa mgeni mwingine. Kisha akaingia ndani, akatoka na chombo cha mbao cha mafuta. Akachomoa pasipoti iliyozungushiwa ngozi laini, akaikumbatia kifuani.

"Itaenda na mimi."

"Twende, basi. Na viatu vyake?"

"Viatu, akirudi."

Basi Déo, Akeno na Ata wakimfuata, akapanda Land Cruiser ya polisi peku, suti ya harusi mwilini kwa sababu ndiyo nguo pekee iliyokuwa imepigwa pasi. Ekuru aliendesha kama aliyeibiwa yeye. Walivuka daraja la Kawalase, wakaingia Lodwar saa tisa na dakika arobaini.

Afisa wa uhamiaji, Bwana Odongo, aliinusa pasipoti akaisogeza mbali.

"Hii mmeikaanga?"

"Kielelezo cha polisi," alisema Sellah. "Piga muhuri."

"Fomu iko sawa. Mwenyeji wake yuko wapi?"

"Mwenyeji?"

"Sheria imebadilika tena juzi, Inspekta. Aliyemlaza mgeni wakati wa korona lazima afike mwenyewe na kitambulisho, aweke kidole. Leo nimerudisha watu kumi na wawili. Mmoja ametoka Todonyang, kule mpakani, maskini."

Kakuma nzima haikuwa na habari ya sheria hiyo. Kama Déo angeamka asubuhi akaikuta pasipoti yake, angepanda gari peke yake, angerudishwa hapa dirishani, na asingepata muda wa kwenda Kakuma na kurudi. Sellah alilifikiria hilo. Kisha wote wakageuka kumtazama mwizi wao.

Ata Akoru alikuwa tayari anachomoa kitambulisho kwenye kifuko kilichofichwa chini ya shanga.

"Mimi ndio nalaza yeye," alisema. "Andika."

Akabonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi: kipana, na kovu katikati. Sellah alikuwa na nakala yake mfukoni, kwenye utepe. Muhuri ukagonga saa kumi kasoro dakika sita. Déo alimbeba Akeno juu juu, Ata akapiga vigelegele hadi walinzi wakaja mbio, na Bwana Odongo, aliyetaka kuwakumbusha habari ya kukaa mbalimbali, akaishia kukumbatiwa.

Siku ya harusi Sellah alivua viatu, akakaa juu ya ngozi bomani kwa Ata, akala nyama, akacheza kuliko alivyokusudia. Déo alikuwa amevaa suti na vile viatu vyake vya akala. Saa kumi na moja Sellah aliinuka kuondoka, maana alikuwa amepanga kuijaza fomu yake ya nne ya uhamisho jioni hiyo.

Viatu vyake havikuwepo.

Alitazama huku na huku. Malith aliongeza sauti ya muziki. Ata Akoru alikuwa akitazama milima kwa makini sana.

"Madam," Ekuru alinong'ona, "tufungue jalada?"

Inspekta Sellah Kipkemboi alizitazama soksi zake, akatazama miiba nje ya ua, akamtazama na yule kikongwe aliyekataa kugeuka. Akakaa chini, akaomba aongezewe nyama.