Zamu Yako, Nare

Mwanamume mwenye kipara kinachong'aa alikuwa amekumbatia chupa kumi na mbili za dawa ya kupausha nywele, na foleni nzima ya duka la vipodozi ilikuwa imeshika mbavu. Ndivyo Narelle Hooper alivyomwona Vince Azzopardi kwa mara ya kwanza, Jumamosi moja ya joto pale mjini Mackay, duka limefurika wasichana wanaojiandaa na dansi la kumaliza shule. Narelle ana saluni, na mwenye saluni kunyamaza hajui.

"Kaka, nywele zenyewe zimeshahama," akamwambia. "Sasa unampausha nani?"

"Kompyuta," Vince akajibu, wala hakuona haya.

Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari, na siku za mapumziko alijifungia bandani kwake kufufua kompyuta zilizotupwa. Plastiki zake huwa njano kwa uzee, akaeleza. Ukizipaka dawa ile na kuzianika juani zinarudi kuwa nyeupe. Narelle akamwambia aliyoichukua ni nyepesi mno, akamchagulia kali, akamfundisha na kuifunika kwa nailoni ya jikoni isikauke, kama anavyofanya vichwani mwa watu. Kufika kaunta, walishapeana namba za simu.

Basi yakanoga. Jioni Vince alipita saluni na ovaroli lake la buluu, pai mbili za nyama mkononi, ananukia sukari ya kuungua. Jumapili Narelle alivaa gauni lake la njano la maua, akaketi juu ya kreti bandani akimshikia tochi huku yeye akilehemu. Mchana walipigiana simu kama watoto. Kipara wangu, umekula? Nimekula waya, mama. Dawa ya kupaushia Narelle akawa anamchanganyia yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Mwezi wa tano akampelekea kompyuta iliyokaa miaka chini ya nyumba yake iliyoinuliwa juu ya nguzo, imefunikwa shuka.

"Ya kaka yangu Glenn," akasema. "Nataka iwake tu."

Vince akauliza huyo Glenn yuko wapi. Narelle akasema yuko huko migodini. Uongo huo, jamani, ndio uliomponza. Glenn alikufa miaka ishirini na tano nyuma, akirudi alfajiri kutoka mgodini, usingizi ukamchukua kwenye usukani. Narelle hajawahi kuisema habari hiyo bila kulia, na mbele ya mwanamume anayempenda aliona aibu kulia.

Asubuhi alipoondoka kwenda mgodini kwa mara ya mwisho, kaka mtu alikuwa amecheza kete yake katika drafti ya kwenye kompyuta, akaihifadhi, kisha akaandika kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino usiofutika, ubavuni mwa kasha: *Zamu yako, Nare.* Narelle alikuwa amefungwa mara tatu mfululizo, kanuna, akasema atacheza Jumapili. Jumapili hiyo walimzika. Baadaye kompyuta ikagoma kuwaka, na ile zamu ikabaki inamdai.

Siku ya kuzaliwa ya Narelle, Vince alimwita bandani. Alikuwa amepiga pasi shati jeupe, ameweka sahani ya kamba wa baharini na ndimu. Akavuta shuka. Kompyuta ilikuwa inawaka, nyeupe pee, na kwenye skrini maandishi makubwa: *Narelle, utakubali nikuoe?*

Narelle hakuyasoma. Alizunguka upande wa kushoto, akapitisha kiganja ubavuni.

"Maandishi yako wapi?"

"Yale ya makapeni? Yamenitoa jasho hayo. Spiriti siku mbili, halafu ile dawa uliyonichanganyia."

"Ulisema dawa ile ni ya kompyuta ya mtu wa kule Sarina."

"Nilikudanganya, mpenzi. Nilitaka ushtuke."

Kwa hao wafufuaji, maandishi juu ya kasha ni uchafu kama vumbi. Mtu husugua bila hata kuyasoma mara mbili. Ndipo Narelle akamwambia Glenn yuko wapi. Alisema yote wima, bila chozi, na Vince akakaa juu ya kreti, kipara chake mikononi. Kamba hakuna aliyewagusa.

Wiki tatu simu iliita, Narelle hakushika. Wiki ya nne Vince akaingia saluni, wateja wamejaa, karatasi za foili vichwani, akamkabidhi picha aliyoisafisha studio. Wafufuaji hawagusi kitu kabla ya kukipiga picha. Aliichambua simu yake yote, lakini karibu zote alikuwa amezipiga kwa mbele. Moja tu ilipigwa kwa pembeni, na ubavuni yakaonekana maneno nusu: *Zamu ya.* Mengine yamekatwa na ukingo wa picha.

"Ndiyo iliyopatikana," akasema. "Nisamehe, Nare."

"Nimekusamehe siku ileile. Hukujua, na mimi ndiye sikusema." Alikuwa na bakuli la dawa mkononi, brashi ndani yake. "Lakini nikikuona nasikia harufu hii. Kazini nitaivumilia, ndiyo riziki yangu. Nyumbani siwezi."

Vince akaenda kuiacha kompyuta barazani kwa Narelle, akaondoka.

Jumapili iliyofuata, jua la saa nane likipiga, Narelle aliiwasha. Iliunguruma vilevile kama zamani. Mafaili ya watu Vince hakuwa na tabia ya kuyafungua, kwa hiyo drafti ilikuwapo, kila kete mahali pake. Akaitazama kwa muda mrefu kabla hajaelewa. Glenn, fundi wa drafti, aliyemfunga mara tatu bila huruma, alikuwa ameacha kete yake wazi katikati ya ubao. Alimwachia ale, apate kingi, ashinde.

"Mjinga wewe," Narelle akasema, na hapo machozi yakamtoka.

Akala kete. Chini ya ubao maneno yakabadilika: *Zamu ya Glenn.* Alama ikawa inawaka na kuzima, inasubiri.

Alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua simu, na Vince akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Inafanya kazi," akamwambia. "Umeitengeneza vizuri sana, Vince."

"Nije, Nare?"

Akaitazama ile alama, bado inamsubiri Glenn.

"Hapana," akasema. "Usije."