Shafti ya Dada

Mlio ulitoka chini ya sakafu ya boti, mkavu kama wa mfupa unaovunjika, kisha injini ikanguruma ovyo kwa kukosa mzigo. Boti ikaishiwa nguvu palepale, katikati ya mawimbi. Dada, aliyekuwa kwenye usukani, aliusukuma kulia, akausukuma kushoto. Haukugeuka.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima injini!"

Mdogo wake alikuwa ameshashuka. Watu walimwita Kipimo, kwa kuwa hata kijiko cha chai angekigeuza mkononi kuona kama kimenyooka. Alizima injini, akawasha tochi, akaona. Shafti, yaani nondo nene inayotoka kwenye injini kwenda kuzungusha propela nje, ilikuwa imekatika karibu kabisa na injini. Kipande kirefu kilikuwa kimerudi nyuma mpaka propela ikajibana kwenye bamba la usukani, na kabla ya kutulia kilikuwa kimechapa huku na huku na kupasua kola ya chuma inayozuia maji pale shafti inapotokea nje. Maji ya bahari yalikuwa yanaingia kwa mkondo wa unene wa mkono.

Dada alishuka mbio, akavua kitambaa cha kichwani na kukisokomeza kwenye ufa. Ukingo wa chuma ulimchana kiganja mpaka kwenye vidole viwili vya mwisho. Hakuutoa mkono.

"Lete kingine! Lete chochote!"

Kipimo alileta magunia, akayapaka grisi, wakayashindilia, wakayakazia kwa ubao na nyundo. Kisha wakaanza kukumba maji kwa ndoo, mmoja anachota, mwingine anamwaga, mpaka migongo ikawaka moto. Walipoinua macho, pwani waliyotoka haikuonekana tena. Kulikuwa na mvua upande huo, na upepo uliowasukuma upande mwingine.

Dada aliketi juu ya mifuko ya saruji. Damu ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Ni mimi," alisema. "Uliniambia nipunguze mwendo, nikakaza. Nimeivunja mwenyewe boti ya marehemu mume wangu."

Kipimo alikuwa akimfunga jeraha.

"Bahari ilikuwa mbaya," alisema.

Hilo tu. Baadaye, Dada alipokuwa juu, alifungua boliti na kukitoa kile kipande kifupi kilichobaki kwenye injini. Mahali kilipokatika palisimulia kila kitu kwa mtu anayejua kusoma chuma. Sehemu kubwa ilikuwa laini na imefifia, ina mistari myembamba kama ya ganda la chaza. Huo ulikuwa ufa wa siku nyingi, ukitafuna kidogokidogo. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyong'aa kwa uvunjikaji wa leo. Na ufa ule ulianzia kwenye kona.

Kona hiyo aliitengeneza yeye. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko la nyumbani, chenye mashine ya kuchongea chuma aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya kinu cha unga na vyuma vya gari bovu. Shafti ilipaswa kupunguzwa unene upande mmoja ili iingie kwenye injini, na pale unene unapobadilika, kila fundi anajua, kona lazima iviringwe. Kona kali ndipo chuma kinapoanza kupasuka. Ili kuiviringa ilimpasa anoe ncha nyingine ya kuchongea, kazi ya nusu saa. Lakini siku tatu alizoahidi alikuwa amezimaliza akirekebisha mashine yake mwenyewe, akiiongezea gia kwa raha zake tu, na Dada alikuwa amesimama mlangoni, shehena imeshapakiwa. Aliiacha kona kali hivyohivyo.

"Iko sawa?" Dada aliuliza siku ile.

"Hiyo itatuzika sote," alimjibu, wakacheka.

Sasa alikifunga kipande kile kwenye kitambaa cha grisi, akakitia chini kabisa ya sanduku la vifaa.

Walikuwa na biskuti, kilo moja ya mchele, na dumu la maji lililokuwa limepinduka wakati wa dhoruba. Yalibaki maji lita sita. Safari ilikuwa ya saa sita tu, kupeleka saruji, milango na madirisha ya chuma kwenye kisiwa ambako watu walikuwa wanajenga zahanati. Simu hazikushika mtandao. Redio ya boti ilikuwa imelowa, haikutoa hata mkwaruzo.

"Vikombe viwili kwa siku kila mtu," Dada alisema. "Wewe fanya shafti. Mimi natazama meli."

"Nitatoboa vyuma vyote viwili, niviunge kwa pini," Kipimo alisema.

Ulikuwa uongo wa pili. Shafti ya unene ule haiungwi kwa drili ya mkono juu ya boti inayoyumba, na hata ingeungwa isingestahimili mzunguko mmoja. Lakini kama angesema haiungiki, Dada angetaka kujua kwa nini, angetaka kuona. Kwa hiyo alikaa chini kwenye joto, akizungusha drili siku nzima ya pili, akitoa vumbi la chuma kiasi cha kijiko. Kila mara Dada alipochungulia, alizungusha kwa kasi zaidi.

"Inakwenda?"

"Inakwenda."

Siku ya tatu jua liliikandamiza sitaha ya boti kama pasi. Mkono wa Dada ulikuwa umevimba na kutoa joto, midomo imepasuka. Alipoongea, maneno yalitoka mazito. Alimwita Kipimo kwa jina la marehemu mumewe, akajirekebisha, kisha akamwita hivyo tena.

Adhuhuri Kipimo alitoka kwenye injini kupumua. Dada alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa mkono mzima na anarudisha maji yake dumuni, polepole, asimwage hata tone.

"Unafanya nini?"

Dada hakugeuka. "Sina kiu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Usinikodolee macho. Mimi ndiye niliyekuleta huku kwa kiburi cha mwendo. Wewe una watoto wawili wanakungoja, mimi sina anayeningoja. Kunywa, ufanye kazi."

Siku mbili Kipimo alikuwa amekunywa vikombe vyake vyote, na cha jioni kwa pupa. Alirudi chini, akapekua sanduku, akaja na kile kitambaa, akakifungua mapajani mwa dada yake.

"Tazama hapa," alisema. "Hii sehemu iliyofifia si ya juzi. Shafti hii imekuwa ikipasuka tangu nilipokupa. Nilitakiwa kuiviringa hii kona, sikuiviringa. Nilikuwa nimechelewa. Ungekwenda kwa mwendo wa konokono, ingekatika tu, kama si siku hiyo, wiki ijayo. Si wewe, Dada. Hukuivunja wewe."

Dada alipitisha kidole gumba kwenye ile kona. Alikirudisha, akakipitisha tena.

"Ulijua lini?"

"Palepale nilipomulika."

"Na siku mbili hizi unazotoboa?"

"Haitoboki. Nilikuwa nafanya ili uone nafanya."

Boti ilipanda wimbi, ikashuka. Kipimo alingoja tusi, au kilio. Angepokea chochote. Dada alinyoosha mkono mzima.

"Nipe maji yangu," alisema. "Ya jana na ya leo."

Alikunywa vikombe vinne, kimoja baada ya kingine kwa kupumzika, akimtazama mdogo wake kwa juu ya ukingo wa kikombe. Alipomaliza alijifuta.

"Kuna kingine unachokijua na hujasema?"

Kipimo aliinamisha kichwa. "Naweza kutoa maji ya kunywa kwenye maji ya bahari. Lakini lazima nikate mrija wa mafuta wa injini, na nikiukata utajua kwamba nimeikatia tamaa injini. Ningeweza tangu siku ya kwanza."

"Nikipata nguvu nitakuzaba kofi," Dada alisema. "Sasa hivi fanya."

Akafanya. Msumeno ulikata mrija wa shaba, mita moja na nusu. Alijaza kopo mchanga wa kuzimia moto, akaulowesha kwa dizeli, akauwasha. Ukatoa moshi mweusi. Juu ya moto ule aliupitisha mrija mpaka ukawa mwekundu, mafuta yote ya ndani yakaungua, kisha akautosa kwenye maji ya bahari. Shaba iliyofanywa hivyo hulainika kama kamba. Aliujaza mchanga ili usikunjamane, akauviringisha kwenye mpini wa nyundo mizunguko sita, akaumwaga mchanga na kuusafisha. Ncha moja aliichomeka kwenye mdomo wa birika la chai alilolijaza maji ya bahari, akaziba kwa saruji iliyokorogwa kwa maji ya chumvi, na ukingo wa kifuniko vilevile. Birika likakaa juu ya moto wa kopo, na mizunguko ya mrija ikalala ndani ya ndoo ya maji baridi. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote alizopata kufanya, na kila hatua ilimchoma, kwa sababu kila hatua ingewezekana siku mbili nyuma.

Tone la kwanza lilichukua muda mrefu. La pili likafuata. Dada aliweka kikombe chini ya ncha, akakilinda kwa kiganja dhidi ya upepo. Maji yalikuwa na ladha ya moshi na shaba. Kikombe cha kwanza walikimwaga, cha pili wakaoshea jeraha, cha tatu wakagawana sawasawa, Dada akipima kwa kidole.

"Bamba la usukani limebanwa na propela, sivyo?" alisema. "Tukiliachia, naweza kuongoza. Tuna turubai, na upepo unakwenda walikopotelea wale ndege niliowaona asubuhi. Huko lazima kuna nchi kavu."

Kipimo alijifunga kamba kiunoni, akashuka majini na mtaimbo. Chini ya boti kulikuwa na kijani kilichofifia na kishindo cha bodi ikipanda na kushuka. Mara ya kwanza mtaimbo uliteleza. Mara ya pili boti ilimshukia begani, chaza waliogandamana wakamchuna ngozi toka shingoni hadi mbavuni. Aliibuka akitapika chumvi.

"Panda," Dada alisema kutoka juu.

"Bado."

"Kufa kwako hakutanilipa kitu. Ukienda, nenda ukafanye kazi, usiende kujiadhibu. Umenielewa?"

Alikuwa amemwona mpaka ndani. Kipimo alishika ukingo wa boti, akapumua mpaka moyo ulipotulia, akaingia mara ya tatu. Safari hii alingoja boti ipande, akachomeka mtaimbo kati ya propela na bamba, na iliposhuka aliuacha uzito wake ufanye kazi. Shafti ilisogea mbele. Ndani, Dada alikuwa tayari na kamba. Aliifunga shafti isirudi nyuma, akaikaza kwa mkono mmoja na meno.

Walisimamisha fremu mbili za milango ya zahanati, wakazifunga kwa waya, wakatundika turubai. Haikuwa tanga la kujivunia, lakini boti iligeuka, ikaacha kutangatanga. Kwa siku tatu waliendelea hivyo: mmoja usukanini, mwingine akikumba maji na kuongeza dizeli kwenye kopo. Hawakuongea sana. Siku moja Dada alisema, "Hata gia? Ulikuwa unaweka gia?" Kipimo akasema ndiyo. Dada akatikisa kichwa, na hilo likaishia hapo kwa siku nzima.

Siku ya sita asubuhi waliona moshi, kisha tagboti, meli ndogo ya kuvuta vyombo vingine, ikivuta tishari la mchanga. Kipimo alimwaga dizeli yote iliyobaki kwenye kopo, akaliwasha, na moshi mweusi ukapanda wima kama mti. Tagboti ikageuka.

Mabaharia waliwapandisha kwa mikono. Mhandisi wa tagboti, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alikagua ile mitambo, akaduwaa mbele ya birika. Kisha akachungulia injini.

"Shafti imekatika," alisema. "Mjinga gani aliwachongea?"

Dada alitazama baharini. Alimwachia nafasi.

"Mimi," Kipimo alisema. "Niliiacha na kona kali. Nilijua."

Mhandisi alikwenda kutafuta mablanketi.

Jeraha lilipona, ila vidole vile viwili havikukunjika tena. Miezi miwili baadaye boti ilikuwa na shafti mpya, na Dada alikuwa amempa fundi mwingine kazi ya kuichonga. Hakumficha mdogo wake, wala Kipimo hakuuliza. Lakini siku ya kurudi majini alimtumia ujumbe: njoo, nataka mtu wa injini.

Alikuja asubuhi na mapema. Shehena ilikuwa imepangwa, watu wa kisiwani wamekwisha kupiga simu mara mbili. Dada alikuwa usukanini, ufunguo mkononi. Kipimo alishuka chini, akakaa huko muda mrefu, akapanda na grisi mpaka viwikoni.

"Dada. Pale kwenye kola panadondosha maji. Tone moja kila baada ya muda. Huenda ni kawaida ya mpya, huenda si kawaida. Sijui."

Dada alitazama jua, akatazama shehena. Kisha akautia ufunguo mfukoni, akaketi kwenye ukingo wa gati na kunyoosha miguu.

"Basi nenda ukajue," alisema. "Nipo hapa."

Ilipofika saa saba mchana, bado alikuwa amekaa palepale.