Gramu Sita

Kitu cha kwanza Mboni alichokiona asubuhi ile ni kwamba hakuhitaji kunyoosha mkono. Kwa siku nne mfululizo, alipokuwa akipangusa kioo kikubwa cha kituo, kilele cha mlima kilikuwa juu ya kichwa chake, naye alisimama kwa vidole vya miguu ili kitambaa kifike. Leo kilele kilikuwa usawa wa kiuno. Lakini alitembea zaidi. Jana mlima ulikuwa na upana wa hatua nne. Leo alihesabu kumi na mbili. Na kwenye mstari mwekundu, mstari wa leo, mlima ulikuwa tayari umeinuka kiasi cha kiganja.

Mlima huo ulichorwa na mashine. Chini ya ardhi ya Kwembiru, jiji lililopangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko mkali, waliishi mchwa-chuma elfu tisini. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko punje ya mahindi. Walitoboa udongo, wakaonja maji, wakasikiliza mawe yakisogea, kisha wakatuma habari kituoni. Mashine ilizikusanya na kuchora mkunjo mmoja juu ya siku zijazo, kuonyesha ni lini mteremko utaporomoka. Watu waliuita mlima. Uleule ulionekana kwenye ubao wa taa pale sokoni.

Mboni aliishia darasa la nne. Kazi yake kituoni ilikuwa kufagia na kupangusa, ila alikuwa na mkono mtulivu, kwa hiyo Mhandisi Kihiyo alimpa na kazi ya mkasi. Mhandisi hakupenda kuamini mashine bila kuihakiki kwa mkono. Kila asubuhi aliuchapa mlima kwenye karatasi nene, Mboni akaukata kufuata mstari, wakaupima kwenye mizani ndogo. Uwe mrefu, uwe mfupi, siku zote ulikuwa gramu ishirini.

"Kwa nini hauzidi?" aliwahi kuuliza, kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu uwezekano wote ukijumlishwa ni kitu kimoja kizima. Urefu si uwezekano, Mboni. Urefu unakuonyesha tu mahali uliposongamana. Ukitaka kujua uwezekano wa siku tatu, kata kipande cha siku hizo tatu, ukipime."

"Kama donge la chapati," Mboni alisema. "Ukilisukuma linakuwa jembamba, lakini unga ni uleule."

Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. "Umenifupishia muhula mzima wa chuo, binti."

Ila watu wa Kwembiru walikuwa na kawaida yao. Mlima ukipita kimo cha mtu, walihamia kwenye mahema juu ya kilima. Ukishuka kiunoni, walirudi. Mhandisi alipiga kelele mikutanoni miaka mitatu, kisha akachoka.

Sasa Mhandisi alikuwa Tanga, amelazwa, anapasuliwa ngiri siku hiyohiyo. Kituo kilijiendesha chenyewe. Kengele ya hatari ilipangwa ilie pale tu uwezekano wa siku tatu unapovuka nusu. Haikulia.

Mboni alitazama pembeni ya kioo, palipoandikwa idadi ya mchwa walio hai. Elfu kumi na nane. Wengine wote walikuwa wamezama katika mvua ya usiku uliopita. Akaelewa polepole, akiwa na kitambaa mkononi. Mashine haikusema kwamba hatari imepungua. Ilisema haijui tena siku.

Akauchapa mlima, akaukata. Gramu ishirini. Halafu akakata kutoka mstari mwekundu hadi siku ya tatu, akakiweka kile kipande peke yake juu ya mizani.

Gramu sita.

Alikitia mfukoni mwa aproni, akapanda kwenye mahema karibu akimbie.

Watu walikuwa tayari wanafunga magodoro. Mashine za kubebea mizigo zilisimama kwenye matope zikingoja. Dada yake, Hidaya, alikuwa amembeba mwanawe Sefu mgongoni, na mtoto alikuwa anakohoa kile kikohozi kikavu cha siku nne za baridi. Mwenyekiti wa mtaa, Shemboza, alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mlima umeshuka! Nani anataka kubaki hapa aoteshe uyoga masikioni?"

Watu walicheka.

"Mwenyekiti, una hakika?" mzee mmoja aliuliza.

"Mhandisi mwenyewe si alisema? Dakika moja ukiichukua peke yake, uwezekano wake ni sifuri. Sifuri! Na mimi na wewe tunaishi dakika moja moja. Au wewe unaishi mbili kwa pamoja?"

Wakacheka tena. Mboni alijua kosa liko wapi. Mstari mmoja wa mkasi hauna uzito, kweli, lakini mistari yote kuanzia leo hadi keshokutwa ilikuwa mfukoni mwake, na ilikuwa na uzito.

Hidaya alimwona. "Huyu hapa wa kituoni! Mdogo wangu, tushuke? Huyu mtoto hatalala hapa tena usiku mwingine."

Kila mtu aligeuka. Mboni alihisi macho yao shingoni kama maji ya moto. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeikunja karatasi.

"Haya, profesa wa ufagio," Mwenyekiti alisema, bila ubaya. "Tupe hotuba."

Kicheko kikapita tena katikati ya mahema.

"Sijui, mwenyekiti," alisema. "Mimi nafagia tu."

Hidaya akamgusa shavu. "Njoo jioni, nitakupikia bada." Akashuka na wengine.

Mteremko uliondoka kesho yake, saa tisa alasiri. Ngazi tatu za nyumba. Mashine za kuchimbua zilifanya kazi siku sita na kutoa miili arobaini na mmoja. Hidaya walimpata na kitambaa cha kumbebea mtoto kikiwa bado kimefungwa kifuani. Mwenyekiti Shemboza naye walimpata, karibu na mlango wa jirani yake mlemavu.

Mhandisi Kihiyo alirudi akitembea kwa kuinama, mkono tumboni. Wakaguzi walikaa naye kituoni, wakatazama mlima uliohifadhiwa wa siku ile. Mboni alikuwa anapangusa kioo. Hakuna aliyemwambia atoke.

"Kosa ni langu," Mhandisi aliwaambia. "Niliiacha kengele isubiri nusu. Na siku ile hapakuwa na mtu hapa wa kuusoma mlima. Hata mmoja."

Mkaguzi akaanza kuandika hivyo.

Mboni aliweka kitambaa chini. Akatoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjamana, akakinyoosha juu ya meza, akakiweka kwenye mizani. Sindano ikacheza, ikasimama.

"Mtu alikuwepo," alisema, na sauti yake ilijaa chumba kizima. "Nilikuwepo mimi. Niliukata, nikaupima, nikajua. Dada yangu aliniuliza, nikaona haya."