Seva Iliyoitwa Wekoye

Rafiki yangu Nanyama, mzaliwa wa Bungoma, alishika kazi ya marehemu mumewe, fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya mbegu Kitale. Mume alikuwa ameipa seva, kompyuta ya kuhifadhi nakala za data za kampuni, jina lake mwenyewe, Wekoye. Mazishini kampuni haikutuma hata shada, lakini jina hilo ililiona.

"Mama, toa jina la maiti kabla wageni hawajafika saa nane," Kimaiyo, mkubwa wake, alimwambia. "Ukishindwa, si unajua njia ya Bungoma?"

Nanyama ana watoto watatu. Aliingia stoo isiyo na dirisha, akaandika jina jipya, akaiwasha seva upya. Ikaanza kulia. Haikuwa feni, kilikuwa kilio cha mtoto mchanga.

"Nyamazisha hiyo kitu, bana!" Kimaiyo alifoka nje ya mlango.

Nanyama akachomoa waya wa umeme. Skrini ikazimika, giza likamfunika, kilio kikazidi. Kwao, mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya wafu wa ukoo; akinyamaza kwa moja, ndilo lake.

"Wekoye," akanong'ona.

Kimya. Nje, wageni wakapiga hodi. Skrini ikawaka, imeandikwa Wekoye, na waya wa umeme ungali mkononi mwake.